Ukurasa wa Mtoto Mwenye Pia

Bologna, 4 Februari 1962

Mke wangu Assuntina,

Leo ni Jumapili. Ni mwaka mmoja na miezi mitano tangu nitoke Castelmuto, na baridi ya huku sijaizoea bado. Katika barua iliyopita nilikuambia ninabeba zege. Sibebi tena. Mgongo ulikataa kabla ya Krismasi. Nilikuwa juu ya ngazi na ndoo begani, nikashindwa kupanda, nikashindwa kushuka, wenzangu wakaniteremsha kama gunia. Msimamizi akaniambia, "Nenda kapumzike, mzee." Nina miaka thelathini na minane. Sikukuandikia kwa sababu ungelia, halafu ungenitukana, na wakati ule sikuwa na nguvu ya lolote kati ya hayo.

Sasa niko nyumbani kwa daktari mmoja mzee, Daktari Bargossi. Hatibu mtu tena, anakusanya vitabu. Si vitabu kama vya Padri Gerardo. Ni vya zamani sana, vyenye picha za mwili wa binadamu ulivyo kwa ndani, na vimejaza vyumba vinne. Asubuhi nawasha majiko, lakini moto usizidi, maana ngozi ya majalada hukauka ikapasuka. Kisha napangusa vitabu kwa brashi laini. Masanduku yakifika stesheni nayafuata mimi. Na Daktari akitaka kufungua kitabu kikubwa namshikia, kwa sababu mikono yake inatetemeka. Vingine ni vizito kama mlango, ila havichomi mabega kama zege.

Sitakuficha, wiki ya kwanza nilikosa hamu ya chakula. Kuna mwanamume aliyechunwa ngozi yote, naye amesimama shambani, nyuma yake kanisa na miti, ameinua mkono kama anamwita jirani. Kuna mwanamke ameketi kitini, na tumbo lake ni vipande vya karatasi vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine. Unafunua cha kwanza unaona utumbo. Unaendelea kufunua, na chini kabisa kuna kitoto kimejikunja, kidogo kama kunde. Daktari ananiambia, "Kwa ukucha, Sabato, si kwa kidole." Nafunua kwa ukucha.

Anayepika hapa ni Argia, mwanamke wa mji huu huu. Siku ya kwanza alinicheka. "Nyie watu wa kusini mnaogopa picha, na huko kwenu mnafukua wafu mkawaosha kama sahani!"

Nikamwambia, "Sisi tunaosha wa kwetu tu. Nyie mnanunua wa watu."

Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Tangu siku hiyo ananiongezea mchuzi.

Kuhusu Lucietta, sijasahau. Mwezi uliopita ametimiza miaka mitatu ardhini. Kaburi lake litafunguliwa Oktoba pamoja na mengine, mtamwosha kwa divai, na Siku ya Marehemu, tarehe 2 Novemba, nitamweka begani mwangu mpaka kidakani, kwenye tundu letu la ukuta wa makaburi. Abebaye ni baba. Ruhusa ya siku hizo nimeshamwomba Daktari, amekubali.

Mumeo,
Sabato


Castelmuto, 25 Machi 1962

Mume wangu Sabato,

Unakwama ngazini kabla ya Krismasi, mimi naambiwa Februari! Basi na mama yako naye nimemwambia, sasa ukamsikie mwenyewe. Amekutengenezea dawa ya kuchua, mafuta ya zeituni na pilipili, chupa imejaa, na kila anayepita mlangoni anamuuliza kama anakwenda Bologna.

Kazi uliyopata sijui niishukuru au niilaani. Nilimsomea mama yako barua, na nilipofika kwa yule mwanamke wa karatasi akafanya ishara ya msalaba, kisha akauliza, "Sura yake nzuri?" Nikamwambia, "Mama, mwanao anamfunua mpaka utumbo, wewe unauliza sura?" Tukacheka kidogo. Ilikuwa muda hatujacheka humu ndani.

Lakini siipendi. Huyo aliyechunwa alikuwa na mama. Muulize Daktari wako, hao watu wa kwenye picha nani aliwaosha mwisho wao?

Huku ni mvua. Mwezi mzima mvua. Ukuta wa chini wa makaburi umelegea, chama cha maziko kinasema kitautazama. Ersilia anakusalimu. Vito wake bado yuko mgodini Ubelgiji, kikohozi kimemzidi na ruhusa hapewi. Mwezi huu nimekuwa na Ersilia kila siku. Unajua mwenyewe, Donato wake na Lucietta wetu walichukuliwa na homa moja, wiki moja, wakalazwa ubavu kwa ubavu. Tunaelewana bila kusema.

Pasaka usije. Kaa kazini. Mambo ya kaburi niachie mimi.

Mkeo,
Assuntina


Bologna, 13 Mei 1962

Mke wangu,

Swali lako nilimpelekea Daktari akiwa anakunywa kahawa. Alikiweka kikombe chini. "Mwambie mkeo wengi wao walikuwa watu walionyongwa, au maskini wa hospitali waliokosa jamaa. Hakuna aliyewaosha. Mchoraji alikuwa na haraka, kwa sababu ya harufu." Akafikiri, akasema, "Ndiyo maana mimi nawapangusa."

"Nawapangusa mimi, Daktari."

"Kweli," akasema. "Unawapangusa wewe."

Wiki iliyopita alikuja mtu kutoka Milano, anaitwa Trezzi, koti zuri, viatu vinavyong'aa. Huyu hununua vitabu vya zamani, anakata picha, anazitia fremu na kuwauzia mawakili na madaktari wa meno watundike ukutani. Alisimama katikati ya chumba akageuka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Daktari, ukutani picha moja inaonwa na watu wangapi! Humu nani anaiona? Wewe na huyu bwana wa makaa."

"Toka nje," Daktari akasema.

"Nitarudi siku nyingine."

"Rudi nikiwa nimekufa."

"Basi nitangoja," Trezzi akasema, akavaa kofia yake taratibu.

Daktari alizunguka vyumba vyote vinne hadi chakula cha mchana. Kwake yeye hakuna dhambi kama hiyo. Kitabu kinapofika, kabla hajakitazama chochote, ananikalisha nimgeuzie kurasa mpaka ahakikishe zote zimo. Ukikosekana mmoja anakirudisha alikokitoa, hata kiwe kizuri namna gani. Ananiambia, "Ukishatoa ukurasa mmoja, zilizobaki hazina wa kuzitetea."

Jambo jingine nilitaka nisiliandike. Kuna kitabu kimoja anachokipenda kupita vyote. Ni mifupa ya watoto tu, kila umri na ukurasa wake mkubwa wa kukunjua. Mchoraji, sijui alikuwa mwendawazimu au mtu wa huruma, amewasimamisha kwenye majani, na kila mmoja amepewa cha kuchezea. Wa miaka mitano ameshika pia ya mti na kamba yake, ameinamisha kichwa kana kwamba anangoja zamu. Nilipomwona nilitoka nikaenda chumba cha makaa.

Daktari akanifuata hadi mlangoni. "Jiko lina makaa, Sabato."

"Najua."

"Wako alikuwa na umri gani?"

"Huo huo."

Tangu hapo kitabu hicho anakifungua nikiwa nimekwenda stesheni.

Mumeo,
Sabato


Castelmuto, 17 Juni 1962

Mume wangu,

Oktoba usije. Nimezungumza na Padri Gerardo, ardhi imelowa sana, mwaka huu haifai kufungua. Tungoje mwaka ujao. Ngano si mbaya. Mama yako mzima, chupa bado iko dirishani.

Muulize Daktari, mfupa uliovunjika ukaunga, alama yake inabaki? Nasema kwa mtoto mdogo. Inabaki muda gani? Anayetaka kujua ni Ersilia, mpwa wake amevunjika mguu.

Assuntina


Bologna, 1 Julai 1962

Assuntina,

Ersilia hana mpwa. Alizaliwa peke yake kwao, na nduguze Vito wako Ajentina, hawana watoto.

Daktari nimemuuliza hata hivyo. Anasema mtoto akivunjika, mfupa hujifunga fundo mahali ulipounga, kama kamba iliyoungwa. Fundo hulainika polepole, mwaka, miaka miwili, likapotea. Lakini nusu mwaka hautoshi. Akifa ndani ya nusu mwaka, fundo linabaki naye, na kidole kitalihisi.

Lucietta alianguka kutoka gari la ngano la Vito mwezi wa Julai, akavunjika mtulinga, ule mfupa wa kutoka shingoni hadi begani, wa kushoto. Januari akafa. Sikuhitaji Daktari anifafanulie zaidi.

Umefungua kaburi?

Nijibu. Nimeshazika mtoto, nimeshateremshwa ngazini kama gunia, kuambiwa naweza.

Sabato


Castelmuto, 22 Julai 1962

Baba Lucietta,

Sikulifungua mimi. Lilijifungua lenyewe.

Ilikuwa mwanzo wa Machi. Ukuta ule niliokuandikia umelegea ulikuwa umeshaanguka, na udongo wa upande wa watoto ukateremka nao. Makaburi ya pembeni ndiyo yaliyokwenda, la Lucietta na la Donato. Majeneza yaliteleza mpaka kwenye mizabibu ya Padri, moja lilikwama hapa, jingine kule, mabao yamepasuka, vibao vya majina havipo. Ciccillo mchimba makaburi alitupigia hodi asubuhi, tope mpaka kiunoni. "Njooni na divai na vitambaa," akasema, "leo ndiyo leo."

Tulipofika alikuwa ameshaviweka vijifupa kwenye makreti mawili kanisani kwa chama cha maziko. Nguo hakuna, nywele hakuna, maji yamechukua kila kitu. Ersilia akamuuliza, "Wangu yupi?" Ciccillo akajikuna. "Lucietta alilala kulia, Donato kushoto. Basi hili la kulia ni la Assuntina." Nikamwambia, "Ciccillo, vimeteremka mlima mzima, unajuaje havikupishana?" Akasema, "Mama, mimi sikuwepo ndani." Ndivyo anavyozungumza, unamjua.

Donato alikuwa wa miaka minne lakini mkubwa wa mwili. Tukiwatazama walikuwa sawa. Meno ya utoto wote wawili. Tukaosha, kila mmoja na kreti lake, kwa divai yetu ile ya mwisho uliyoisindika wewe. Nilizungumza naye wakati namwosha. Nilimweleza habari zako zote, na mama yako, na mbuzi. Nikamkunja kwenye kitambaa nilichodarizi, nikamtia kwenye kisanduku.

Ersilia hakungoja Siku ya Marehemu. Siku ya pili tu alimwita fundi, akakitia cha kwake kwenye kidaka cha kwao, wakaziba kwa chokaa, Padri akabariki. Alisema Vito hatakuja kamwe, wa kumngojea ni nani. Mimi nilikungoja ubebe wewe. Kisanduku kiko ndani ya kasha letu, chini ya mashuka.

Mwezi wa Mei nilikifungua nibadilishe kitambaa, kilikuwa kinanuka divai. Vidole vyangu vikapita kwenye vijifupa viwili vilivyopinda kama mundu mdogo. Nikafikiri hii ndiyo mitulinga. Yote miwili ni laini. Nikaipitia tena. Laini.

Lakini mimi najua nini? Pengine zile ni mbavu. Ndiyo maana nikakuuliza kwa jina la Ersilia.

Sikukuambia kwa sababu ungeacha kazi ukaja, na ungekuja kufanya nini? Halafu nilikuzuia Oktoba kwa sababu niliona aibu. Ungekuja ukambeba begani mbele ya watu, ukilia, na huenda siye.

Nisichoweza kukizoea ni kimoja. Kama niliyemwosha si yeye, basi wangu ameoshwa na nani, na aliambiwa nini?

Assuntina


Bologna, 2 Septemba 1962

Mke wangu,

Ndani ya barua hii kuna ukurasa. Usiukunje zaidi ya ulivyokunjwa. Nitakueleza ulivyopatikana.

Barua yako niliisoma chumba cha makaa. Nikafikiri, akiona picha atajua mitulinga ni ipi. Daktari alikuwa amelala mchana. Nikatoa kile kitabu cha watoto, nikaweka karatasi ya kufungia jibini juu ya yule wa miaka mitano, nikaanza kumfuatisha kwa penseli. Penseli niliyonayo ni ile ya ujenzi, ya kuandikia mbao. Nimezoea kuikandamiza. Nilikuwa nimefika kwenye mbavu nilipoona kivuli mezani.

Hakupiga kelele. Aliiondoa karatasi ya jibini, akapitisha kidole nyuma ya ukurasa. Mstari wangu ulikuwa umetokeza upande wa pili, unahisika kama kovu.

"Penseli gani hii?"

"Ya ujenzi."

"Miaka mia mbili," akasema. "Vita ngapi zimepita. Askari wamelala kwenye nyumba kilimokuwa, panya, mafuriko. Hakuna aliyemgusa mtoto huyu. Kwa nini hukuniomba?"

"Ungekataa."

"Ningekataa," akasema.

Nikamweleza yote, ukuta, makreti, Ciccillo, wewe na mundu mdogo. Alisikiliza kwa kusimama. Argia alikuwa mlangoni na sahani mkononi. Daktari akaniambia niende nikawashe jiko la chumba chake. Mwezi wa Agosti, Assuntina! Nikaenda nikaliwasha. Nilidhani nafukuzwa.

Asubuhi aliniita. Kitabu kilikuwa wazi, kando yake rula ya chuma na kile kisu kidogo anachotumia kufungulia barua. "Nishikie," akasema. Nikamshikia. Mkono wake ulitetemeka mpaka kisu kilipogusa karatasi, hapo ukatulia. Alikata kutoka juu hadi chini mara moja.

"Umeshaharibika," akaniambia, kama ninayemlaumu. "Siwezi kuweka ukurasa wenye mkwaruzo."

Na nyumba hii imejaa kurasa zenye madoa ya divai, zenye matundu ya wadudu, zilizoandikwa na wanafunzi waliokufa zamani. Zote amezihifadhi. Sikumkumbusha.

Kisha akafanya jambo ambalo hata sasa siliamini. Akachukua penseli yake akamchora mtoto wa watu duara kwenye mtulinga wa kushoto. Mwambie mkeo, alisema, fundo lazima liwe hapa, karibu na katikati, nene kama punje ya mahindi. Mtulinga mtoto anao miwili tu, una mapindo mawili kama nyoka anayetambaa. Ubavu una pindo moja. Aweke mfupa juu ya picha, utalala sawasawa, kwa sababu mchoraji amewachora kwa kimo chao.

Basi weka, utazame. Ukiona fundo, kaa kimya, tusahau. Usipoliona, usifanye kitu peke yako. Na usinizuie tena. Mimi nakuja.

Sabato


Castelmuto, 30 Septemba 1962

Baba Lucietta,

Nilimtandika juu ya meza mama yako alipokwenda misa. Niliweka kila mfupa mahali pake juu ya picha, kama ninayemvalisha. Mitulinga ni ile ile niliyodhani, ina mapindo mawili. Hakuna fundo. Miguu nayo haikufika pale picha inapofika. Ni Donato.

Nilikaa naye pale mezani muda mrefu. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, pole mwanangu, nimekuchosha na habari za mbuzi wasio wa kwenu.

Nikaukunja ukurasa ndani ya shali, nikaenda kwa Ersilia. Alikuwa anakanda unga. Akasema, "Mbona uso huo, Assuntina, umeona mzuka?" Nikautoa ukurasa nikauweka mezani. Aliona fuvu na pia, akadhani ni picha takatifu ya huko Bologna, roho za toharani, akafuta mkono ili aibusu.

"Usibusu," nikamwambia. "Tazama penseli ilipo."

Alitazama. Akaacha kufuta mkono. Akaketi juu ya gunia.

"Umejua lini?" akaniuliza.

Sabato, hakuniuliza nimejua nini. Aliniuliza lini.

Yeye alijua siku ile ile. Wakati anaosha kidole chake kilipita juu ya fundo. Aliniambia, "Nilikuwa nimeshika hatamu mimi gari lilipomwangusha. Nilimwokota mimi. Nilimshika bega mpaka alipofika mzee aungaye mifupa, nikawa namwimbia asitazame. Ungedhani singemtambua?"

"Basi kwa nini, Ersilia? Kwa nini ukanyamaza?"

"Kwa sababu Padri alikuwa mlangoni na Ciccillo na koleo. Ningesema vimepishana, wangesema hakuna anayejua kipi ni cha nani, na vyote viwili vingekwenda shimoni pamoja na wasio na wenyewe. Umeshasahau walivyowafanya wale waliokufa kwa mafuriko? Nikasema afadhali niufunge mdomo na kidaka. Wako nitamtunza mimi. Wangu utamtunza wewe."

Nilitaka kumpiga. Nilimwinulia mkono kabisa. Akasema, "Kila Jumamosi namwashia taa. Mbele za watu naomba kwa jina la Donato, chini kwa chini namwita lake. Lucietta, Lucietta. Hajakosa hata Jumamosi moja." Kisha akauliza polepole sana, kama mtu anayeogopa jibu, "Na wangu? Umemweka vizuri?"

Nikamwambia yuko chini ya mashuka, karibu na kichwa changu. Nikamwambia habari za mbuzi. Tukalia hapo mpaka unga ukakauka.

Sasa sikia tulivyopatana. Kidaka kikishabarikiwa hakifunguliwi ila kwa kuingiza mwingine. Basi tumekwenda kwa Padri Gerardo wote wawili, tukamwambia watoto hawa walikufa wiki moja, walilala pamoja, waume zetu wako mbali, na sisi tunataka Lucietta awekwe kwa Donato, kidaka kimoja, majina mawili. Padri akasema ni jambo jema, hata machozi yalimlengalenga. Hakuna uongo tuliomwambia zaidi ya huo, wa nani anawekwa kwa nani. Na kikishafungwa tena, kila jina litakuwa na mwenyewe.

Inabaki wewe. Lazima abebwe na baba. Kijiji kitakuona umembeba Lucietta. Wewe utajua ni Donato, umembebea Vito. Ersilia amemwandikia Vito yote, na jibu limekuja kwa mkono wa mtu mwingine, maana Vito hawezi tena kukaa. Ameandika, "Mwambie Sabato asikimbie. Mtoto alikuwa akiogopa akibebwa kwa haraka."

Na jambo la mwisho. Fundi akishabomoa chokaa, utaingiza mkono kusogeza kisanduku cha kwanza, ili cha pili kipate nafasi. Hakuna atakayeshangaa. Ersilia anasema kifuniko hakikupigiwa misumari, na kitambaa alikifunga kwa utepe mmoja tu. Upande wa kushoto, juu. Utalihisi.

Njoo.

Assuntina


Bologna, 21 Oktoba 1962

Mke wangu Assuntina,

Barua yako ilifika siku moja kabla ya ile ambayo Daktari hakuamka. Argia ndiye aliyemkuta. Tumemzika Alhamisi, mvua, watu wachache, hakuna aliyemwosha isipokuwa wa hospitali. Nilimwambia Argia tungeweza kufanya wenyewe. Akasema, "Huku hawakuruhusu, Sabato." Hakunicheka. Jana yake ndiyo nilimsomea Daktari kwamba mitulinga haikuwa na fundo, akafumba macho, akasema, "Basi mchoraji hakusema uongo." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia mimi.

Mrithi ni mpwa wake, wakili. Jumamosi alikuja na Trezzi. Trezzi alikwenda moja kwa moja kwenye kitabu cha watoto, akageuza kurasa huku akilamba kidole. Akafika kwa wa miaka minne, akageuza, akawa wa miaka sita. Akarudi nyuma. Akatia ukucha kwenye mshono, akaona palipokatwa.

"Wa tano yuko wapi?"

Mpwa akanitazama. "Wewe ndiye uliyekuwa unashika makaa na vitabu. Ukurasa uko wapi?"

Ningeweza kusema aliukata Daktari mwenyewe. Wangeamini? Na kama wangeamini, wangemcheka. Nikasema, "Amekwenda kwao."

Mpwa alizungumza habari za polisi. Trezzi akamzuia, alikuwa anatabasamu. "Acha, wakili. Kikiwa kizima kingenisumbua, watu wangesema kikae maktaba. Sasa hakina wa kukisikitikia." Akaomba meza na rula. Alikatia pale pale, mbele yangu, kila mtoto kwa kisu chake, akiwapanga kwenye kartoni. Mwenye njuga. Mwenye ndege kwenye kamba. Mwenye kikapu. Watakwenda kwa madaktari wa meno, mmoja mmoja, kila mmoja na mji wake, wala hawataonana tena. Nilisimama mpaka alipomaliza, kwa sababu Daktari angesimama. Kisha nikaambiwa nifunge virago.

Nimefikiri sana, Assuntina. Kama nisingekandamiza penseli ile, kitabu kingekuwa kizima na sisi tungekuwa tumemzika mtoto wa Vito kwa jina la wetu. Sijui Daktari angechagua nini kama angejua. Nadhani alijua. Ndiyo maana aliniambia niwashe jiko kwanza, apate kukaa na kitabu chake usiku mmoja.

Ukurasa ule usiurudishe. Hakuna pa kuurudisha. Usiutundike ukutani. Uweke chini ya kisanduku cha Donato, uingie naye, mmoja wa wale ambao hakuna aliyewaosha naye apate pa kulala.

Mwambie Ersilia amwandikie Vito kwamba nitatembea taratibu. Kwa mgongo huu siwezi hata nikitaka. Mwambie mama atoe chupa dirishani, nitaihitaji kabla ya kubeba. Na kucha za mkono wa kulia nimeshazikata, nisije nikamkwaruza Lucietta.

Napanda treni Jumanne tarehe 30. Jumatano tarehe 31 Oktoba, saa kumi alasiri, nitashuka kwenye basi la Avellino, pale kwenye bomba la maji. Safari hii sirudi tena huku.

Mumeo,
Sabato